Re: Brady alituaje kwenye ukungu ule?

Salaam mkuu. Umekwama pale Meja Patrick Brady, rubani Mmarekani wa helikopta ya kubeba majeruhi, aliposhuka bondeni Vietnam wakati wa vita, tarehe 6 Januari 1968, huku ukungu umefunika kila kitu. Anza kuangalia mwendo. Helikopta ikienda mbele kwa kasi, upepo wa mapanga yake unabaki nyuma, ukungu wa mbele hauguswi. Brady alifanya kinyume: alielea taratibu akifuata njia ya bondeni, chombo kimegeuzwa ubavu, upepo ule ukafukuza ukungu. Kwa ubavu rubani huchungulia dirisha la pembeni, anaiona njia ilipo. Ubaya wake ni kwamba chombo cha polepole namna hiyo ni shabaha rahisi, na kweli adui alimfyatulia risasi kutoka karibu.

Usichanganye safari zake. Mwanzo alitoa wanajeshi 2 majeruhi wa Vietnam Kusini. Kisha akaingia mara 4 mahali ambapo Wamarekani waliojeruhiwa walikuwa mita 50 tu kutoka kwa adui, na helikopta 2 zilikuwa zimeshadunguliwa. Baadaye bomu la ardhini lililipuka karibu na chombo, likajeruhi wahudumu wake 2, naye akaondoka na wagonjwa 6.

Siku hiyo alitumia helikopta 3, lakini kwa zamu, moja baada ya nyingine, siyo kundi. Majeruhi 51 aliowaokoa ni jumla ya siku nzima.