Kabla Hujaikabidhi Laptopu kwa Watu wa Bima

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, na mvua ya Moshi ilikuwa haijakata tangu alfajiri. Nimekaa sebuleni kwangu Pasua nafunga hesabu za mteja. Mtoto wa kaka yangu akasikia bodaboda imeteleza nje, akatoka mbio kwenda kuchungulia, mguu ukanasa kwenye waya wa chaja. Kikombe cha chai ya maziwa, chenye sukari ya kutosha ukoo mzima, kikalala chali juu ya kibodi. Nikasikia mlio mdogo kama wa kitunguu kikiingia kwenye mafuta, kisha skrini ikawa nyeusi.

"Shangazi, samahani," akasema, huku ameshafika mlangoni.

Nilichofanya sawasawa: nilichomoa chaja, nikashikilia kitufe cha kuzimia, nikaipindua laptopu kama paa la kibanda ili chai ichuruzike kuelekea kwenye kibodi, isizame ndani. Nilichokosea: baada ya saa mbili uvumilivu ukaniisha, nikaiwasha "nione tu". Ikawaka taa, ikanuka, ikazima. Fundi aliniambia baadaye kwamba huenda hapo ndipo mazabodi, lile bao kuu la ndani, ilipokufa, wala si pale chai ilipomwagika. Umeme ukipita kwenye unyevu ndio unaounguza, na chai ya maziwa ni mbaya kuliko maji kwa sababu sukari na chumvi zake hubaki zikila shaba hata baada ya kukauka. Habari ya kuifukia kwenye mchele, achana nayo. Mchele haufiki ndani, na vumbi lake linaongeza tatizo la pili.

Laptopu ilikuwa na bima. Niliikata mwaka uliotangulia pamoja na printa, bima ya vifaa vya ofisi inayofidia ajali, na siku ile nilijiona mwerevu. Kilichonikosesha usingizi ni kilichokuwemo ndani. Mimi huwatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo kumi na mmoja, wa Mbuyuni, Kiboriloni na Himo. Humo ndani kulikuwa na namba zao za TIN, nakala za vitambulisho vya NIDA, mishahara ya wafanyakazi wao, na madeni ambayo wengine hata wake zao hawayajui. Kulikuwa pia na majibu ya vipimo vya mama yangu niliyoyaskani ili nimtumie ndugu yetu aliyeko Dar. Bima ililipia chombo. Hayo mengine hayamo kwenye mkataba. Soma wako, nao huenda uko hivyohivyo.

Asubuhi nikampigia wakala. Akanipa pole, akanitumia fomu ya madai, na akasema neno moja ambalo bila yeye ningeharibu kila kitu: "Dada, usifungue hata skrubu moja."

Hapo ndipo penye mtego, na ndiyo sababu ninaandika. Akili ya kwanza ya mtu mwenye siri ni kutoa diski usiku uleule, au kumsikiliza jirani anayesema ipige nyundo. Lakini mikataba ya bima kwa kawaida inakutaka utoe taarifa mapema, na usikitengeneze wala kukitupa kilichoharibika kabla mtathmini hajakiona. Ukipeleka laptopu iliyofunguliwa na kitu kimepungua, umempa sababu ya kuuliza maswali mapya. Upande wa pili, ukiipeleka kama ilivyo, unakabidhi maisha ya watu kumi na mmoja kwa fundi usiyemjua. Njia ya katikati ipo, ila inapita kwenye maandishi.

Niliwaandikia barua pepe, nikaichapa na nakala, nikaipeleka ofisini kwao nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Sehemu yenyewe ilisomeka hivi, chukua uitumie:

"Naomba ruhusa ya kutoa diski ya kuhifadhia mafaili kabla ya kukabidhi kompyuta, kwa kuwa ina taarifa binafsi za wateja wangu. Diski itatolewa mbele ya mtathmini wenu au fundi mtakayemkubali, itapigwa picha pamoja na namba yake, nami nitaitunza bila kuiharibu hadi dai litakapofungwa."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonisaidia. Mtu wa bima anachoogopa ni kuibiwa. Ukimwonyesha kwamba diski ipo, ina namba, na akiitaka ataiona, hana sababu ya kukubishia. Jibu lilikuja siku ya tatu: sawa, ila laptopu ikionekana haitengenezeki, thamani ya diski itakatwa kwenye malipo. Nikakubali kabla hawajamaliza kunieleza.

Fundi waliyemkubali yuko karibu na stendi. Tunamwita Mangi, kama tunavyowaita nusu ya wanaume wa mji huu. Mtathmini akaja na kamera yake. Mangi akafungua skrubu kwa bisibisi ndogo ya nyota, akainua kifuniko cha chini, na harufu ya chai iliyochacha ikatupiga usoni. Diski yenyewe ilikuwa kijibao chembamba kinachotosha kulala juu ya kidole cha shahada, kimeshikwa na skrubu moja. Ilikuwa kavu kabisa.

Kisha nikamwomba aipime kama bado nzima. Akaitia kwenye kikasha cha USB, akachomeka kwenye kompyuta yake. Windows ikamuuliza kama anataka kupata ruhusa ya kufungua folda yangu, akabonyeza kuendelea. Haikupita dakika moja, folda iliyoandikwa MISHAHARA ikawa wazi mbele ya macho yetu watatu. Hakuniuliza nywila. Hakuihitaji. Ile paswedi ndefu niliyokuwa nikiichapa kila asubuhi kwa miaka miwili ilikuwa komeo la mlango wa mbele katika nyumba isiyo na ukuta wa nyuma.

Mtathmini, kwa heshima yake, akageuka kutazama kalenda ukutani.

Kinachozuia jambo lile ni kusimba diski nzima, yaani mafaili yote yageuzwe fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Kwenye Windows kazi hiyo inafanywa na BitLocker au mdogo wake wa toleo la nyumbani, kwenye Mac ni FileVault. Laptopu nyingi mpya za Windows huwasha usimbaji zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na hapo kuna kichekesho kingine: laptopu inakufa, unatoa diski yako mwenyewe, inakudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, nawe hujawahi kuusikia. Kwa kawaida unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uutafute leo, uuandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo isikae kwenye mkoba wa laptopu.

Rudi kwenye fomu ya madai, maana nayo ina yake. Katikati ya fomu yangu palikuwa na kisanduku: "Nywila ya kifaa". Nikakipiga mstari na kuandika "itatolewa ikihitajika, mbele ya mwenye kifaa". Siku mbili baada ya kuikabidhi laptopu, fundi wao wa Arusha akanipigia akiidai, eti hawezi kupima bila nywila. Nikamuuliza kwa upole anapima nini. Mazabodi iliyoungua hupimwa kwa mita na kwa macho. Na kama anataka kuona inawaka, anaweza kuiwasha kwa diski yake au kwa flashi. Akacheka, akasema, "Basi sawa dada, ni mazoea tu." Sidhani alikuwa na nia mbaya. Mazoea ndiyo yanayovujisha zaidi ya wizi.

Kama laptopu yako inawaka na kilichovunjika ni skrini au bawaba, hali ni nyingine. Nakili mafaili yako kwenye eksitano, yaani diski ya nje, toka kwenye akaunti zote, futa nywila ulizoziacha kivinjari kizihifadhi, kisha washa usimbaji kabla ya kuirejesha kama ilivyotoka kiwandani. Kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakutoshi. Unachofuta ni jina kwenye orodha, faili lenyewe linaweza kubaki. Kwenye diski za zamani zinazozunguka unaweza kuandika juu yake upya, ila kwenye SSD, zile za kisasa zisizozunguka, data hutawanywa kwa namna ambayo kuandika juu hakuna uhakika, ndiyo maana kusimba mapema ni bora kuliko kusugua baadaye.

Na kuna laptopu ambazo diski haitoki kabisa, imeunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi. MacBook za miaka ya karibuni ndivyo zilivyo. Kwa hizo, omba kwa maandishi ama ubaki na mabaki na wakukate thamani yake, ama mazabodi iharibiwe wakupe hati. Usisahau kuuliza mabaki yanaenda wapi. Ukilipwa fidia kamili, kilichobaki ni mali ya kampuni ya bima, na ina haki ya kukiuza.

Usiku uleule wa ajali, kabla ya yote, shika simu. WhatsApp ina orodha ya vifaa vilivyounganishwa, iondoe laptopu. Akaunti ya Google nayo inakuonyesha vifaa vyote vilivyoingia, itoe. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, maana nyingine zote hupitia hapo. Ilinichukua muda wa kuchemsha maharage.

Kuhusu nyaraka nina mawili. Risiti ya EFD niliyoiweka vizuri kwenye bahasha ilikuwa imegeuka karatasi nyeupe. Karatasi zile zinachapwa kwa joto, zinafifia. Nilisimama mlangoni penye jua nikiipindapinda mpaka nikasoma namba ya uhakiki, nikaiingiza kwenye tovuti ya TRA, na taarifa za mauzo zikatokea. Piga picha risiti siku unayonunua, na sahani ya namba iliyo chini ya laptopu pia. La pili ni aibu yangu: picha nzuri kuliko zote nilizopiga za uharibifu ilionyesha, chini ya laptopu, daftari la madeni la mteja wangu wa Himo likiwa limefunguka, majina na yote. Nilikuwa nimeshaituma kwa wakala. Nikamwomba aifute, nikatuma nyingine, nikampigia mteja nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu kwanza.

Wakitaka nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu, kukatiza katikati: "Kwa madai ya bima tu", na tarehe. Taarifa ya benki ya miezi sita usitoe kama wanachohitaji ni namba ya akaunti. Ripoti ya polisi kwa kawaida ni ya wizi; kwa chai iliyomwagika mimi sikuombwa RB.

Na kama unatunza taarifa za watu wengine kama mimi, hili si suala la hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili na azilinde. Kusema "zilikuwa kwa fundi" hakukutoi kwenye wajibu huo. Nilikuwa naijua sheria hii kwa kuisikia redioni. Nilikaa kuisoma baada ya kuiona MISHAHARA kwenye skrini ya Mangi.

Kampuni ikikuzungusha, anza na malalamiko ya maandishi kwao wenyewe. Yasipozaa kitu, iko TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mimi sikufika huko, ingawa wiki ya nne nilianza kuandika barua. Ile karatasi yenye muhuri wa kupokelewa ningeiweka juu kabisa.

Wiki ya sita walilipa. Niliinunua kwa shilingi 1,450,000. Wakatoa uchakavu wa asilimia 20, ikabaki 1,160,000. Wakatoa asilimia 10 ambayo mkataba unasema nichangie mwenyewe, yaani 116,000. Wakatoa 80,000 ya diski. Nikapokea 964,000. Kuna mtu aliniambia nimepoteza elfu themanini kwa kung'ang'ania kijibao. Sikumjibu, nilikuwa na hesabu za watu za kufunga.

Agosti nilikwenda Arusha kwa kazi. Nikapita kwenye meza moja ya vifaa vya mtumba jirani na Barabara ya Sokoine, na pale, kati ya chaja na kibodi zilizong'oka herufi, nikaiona. Stika ya twiga aliyoibandika mtoto wa kaka ilikuwa bado kwenye kona ya kifuniko, kichwa kimechanika. Muuzaji alisema amebadilisha mazabodi, anataka laki tatu na nusu.

"Na diski?" nikamuuliza.

"Diski haina, dada. Ilikuja hivyohivyo. Utaweka yako."