Mapere gani? Kwa wadogo wanaoandika TFC (kazi ya kumaliza masomo) juu ya shule za Wakatoliki

Wadogo zangu wa Historia, nimerudisha sura zenu za kwanza zikiwa na wino mwekundu kuliko mweusi. Kosa ni lile lile la kila promosheni: «Shule hii ilianzishwa na mapere.» Mapadri ni wa mashirika mengi. Mapere gani, bana?

1. Tajeni shirika. Hapa Katanga, Wabenedikto walikabidhiwa prefektura (eneo la misheni ambalo bado si jimbo) mwaka 1910, Jean-Félix de Hemptinne akiwa kichwani. Wasalesiani wakaingia Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, na mwaka 1925 wakapata prefektura yao ya Haut-Luapula, upande wa Sakania, chini ya Joseph Sak. Kule Bukavu kuna Mapadri Weupe, kisha Wajesuiti na koleji yao. Kila kundi lilikuwa na wakubwa wake Ulaya, makaratasi yake na wivu wake. Anayeandika «Kanisa liliamua» anadhani wote hao waliketi meza moja.

2. UCB, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, ni ya jimbo la Kanisa, si ya shirika. Na chuo chetu cha Lubumbashi, kilichofunguliwa mwaka 1956, kilikuwa cha serikali; cha Wakatoliki kilikuwa Lovanium, Léopoldville (Kinshasa ya leo), tangu 1954. Mobutu alivitia hivi viwili katika UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa, mwaka 1971, basi watu wanavichanganya mpaka leo.

3. Majina. Hapa nitakawia, maana kidonda changu hakijapona. Katika memwari yangu nilitaka kuandika juu ya Alfajiri, ile koleji ya Wajesuiti ya Bukavu. Nikapekua ripoti za kikoloni za Kivu nikitafuta «Alfajiri», ukurasa kwa ukurasa, vumbi puani. Hakuna kitu. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikatunga nadharia: kwamba Wajesuiti walificha kazi yao Bukavu ili wasigombane na serikali. Nilikuwa najivunia ukurasa ule! Siku ya defansi, CT (mwalimu msaidizi wa chuo) mmoja mzee wa juri akavua miwani: «Kijana, ulitafuta Notre-Dame de la Victoire?» Nikanyamaza. Mashangazi zangu, waliokuja na vitenge vyao vipya wakakaa mstari wa mbele, wakadhani nimesifiwa, wakapiga makofi. Koleji ilikuwa imeanza mwaka 1938 kwa jina hilo la Bikira Maria. «Alfajiri» lilikuja na siasa ya «authenticité», Mobutu alipotaka majina ya Kiafrika, miaka ya 1970, kama vile Saint-François de Sales ya hapa kwetu ilivyogeuka Imara. Hata mji wenyewe ulikuwa unaitwa Costermansville! Na kibaya zaidi: koleji ile mwanzoni ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Nilichokiita siri kilikuwa mlango uliofungwa mbele ya babu zetu, na kilikuwa kimeandikwa waziwazi. Nilipata distinction (alama za juu) hata hivyo, msiniulize namna gani.

4. Tarehe. Mwaka 1906 Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo, na Vatikani walipatana: misheni ipewe ardhi, hekta 100 hadi 200, nayo ifungue shule. Mwaka 1954 Buisseret, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, akaanza kufungua shule za serikali kwa Waafrika, na maaskofu wakawaka. Mwisho wa 1974 Mobutu akazitwaa shule zote. Mwaka 1977 akayarudishia makanisa uongozi wa shule kwa mkataba. Ndiyo maana kibao cha «école conventionnée catholique», yaani shule ya Kikatoliki ya mkataba huo, hakikuambii nani alianzisha shule. Mmoja wenu (anajijua) alikiona kibao, akaandika kwamba shule aliyosoma babu yake ilizaliwa mwaka 1977. Nilimwuliza babu alisomea wapi basi. Akasema atamwuliza.

5. Nendeni na barua ya departement (idara yetu) yenye muhuri. Sista hafungui kabati kwa sababu umesema bonjour vizuri.

6. Wazee waliosoma zamani watawaeleza fimbo na Kilatini. Waulizeni pia minerval, yaani karo, na nani alikuwa anailipa.

Sura ya kwanza mpya naitaka Ijumaa, kwenye karatasi. Atakayenitumia picha kwa WhatsApp nitamjibu kwa picha.