Beringi za mashine ya kukerezea mpingo

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mchongaji, niko Mikindani. Naunda mashine ya kukerezea vikombe na vinara vya mpingo. Nina mota ya nguvu farasi 1, mizunguko 1,440 kwa dakika, na shafti ya milimita 20. Dukani wamenipa beringi za gurudumu la pikipiki, 6202, wakaniambia nipunguze shafti ziingie. Zitafaa?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Shafti usiiguse. Tazama tarakimu mbili za mwisho za namba ya beringi: kuanzia 04, zidisha kwa 5 upate tundu lake. Kwa hiyo 6204 inaingia shafti ya milimita 20. Nje ina 47, unene 14. Hiyo 6202 ni ya milimita 15, na shafti ikipunguzwa ghafla, pale penye ngazi ndipo itakapokatikia.

Ila kinachowasumbua wengi si beringi, ni nyumba yake, yaani kile kinachoishikilia. Ukichomelea vipande viwili vya bomba uviite nyumba, moto unavipinda, havikai mstari mmoja, na beringi mpya inaanza kulia. Kwa hiyo nunua UCP204 mbili, zile zenye nyumba ya chuma cha kutupwa na miguu ya kufungia bolti. Ni ghali kidogo, lakini beringi hujigeuza yenyewe ndani ya nyumba kufuata shafti. Piga tupa shafti ipate ubapa pale skrubu zinapobana, isije ikateleza.

Beringi ya mbele iweke karibu na mti unaokerezwa uwezavyo. Ya nyuma iwe mbali, angalau mara tatu ya urefu wa shafti unaochomoza mbele; kikombe unakichimba ndani bila kushikiliwa upande wa pili, na shafti fupi itatetema tu. Ukikereza kinara, usikikandamize mno kutoka upande wake wa pili: beringi hizi zinastahimili msukumo wa wastani wa kuelekea urefu wa shafti, si zaidi.

Vumbi la mpingo ni laini, na hapo kwenu kuna chumvi ya bahari. Ukilazimika kutumia 6204 tupu, isiyo na nyumba yake, chukua yenye 2RS, yaani mpira pande zote mbili; ZZ ina kifuniko cha bati kinachoacha upenyo. UCP ina mpira na nipo, yaani kichuchu cha kuingizia grisi. Pampu kidogo tu, maana grisi ikijaa beringi inapata moto.

Na ukirudi kuchomelea fremu, fungua beringi kwanza. Umeme wa kuchomelea ukipita ndani yake unatoboatoboa gololi.