Maswali ya wasomaji: Goti jipya linakunjika, mbona halinyooki?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana wiki 3 tangu awekewe goti bandia, mguu wa kulia. Kukunja anaendelea vizuri tu, kwenye kiti anakaa bila shida, ila mguu haunyooki wote, akilala chali nyuma ya goti panabaki uwazi mpaka mkono wangu unapita, na akitembea anachechemea goti likiwa limepinda. Usiku namwekea mto chini ya goti maana ndo anapata usingizi. Nikimwambia anyooshe analia. Nimwache lipone lenyewe au kuna kitu nakosea? – Binti anayeuguza

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Naanza na huo mto maana ndo ulionishtua, naomba uutoe leo leo. Najua unauweka kwa mapenzi na mama anapata nafuu kweli, tena nafuu yenyewe ina sababu, goti lililovimba lina maji ndani na likikunjwa kidogo, nyuzi (digrii) kama 30 hivi, yale maji yanapata nafasi, presha inashuka na maumivu yanapoa, kwahiyo mwili wenyewe unapenda kukaa hivyo. Shida ni kwamba goti linapona katika mkao unaoliweka. Tishu za nyuma ya goti zinapona zikiwa fupi, kovu linajijenga humo humo, misuli ya nyuma ya paja nayo inazoea kukaza. Kama mnataka kuinua mguu ili uvimbe ushuke, sawa kabisa, ila mto ukae chini ya kisigino au chini ya shavu la mguu kushuka kisiginoni, goti lenyewe libaki hewani lisiegemee kitu.

Halafu hili la kunyoosha mimi linaniuma kila siku, maana wagonjwa wengi wanahesabu kukunja tu, nimefika 90, nimefika 100, hakuna anayeuliza sifuri yangu iko wapi. Sifuri ndo goti limenyooka kabisa. Mtu akisimama goti likiwa limenyooka, mifupa inabeba mwili kama nguzo na paja linapumzika, lakini likibaki limepinda hata nyuzi 10 au 15 misuli ya mbele ya paja inafanya kazi muda wote kama mtu aliyechuchumaa nusu, ndo maana unaona mama anachoka mapema. Na mguu unakuwa kama mfupi, mwisho kiuno na goti la pili vinaanza kulalamika.

Kwahiyo hapana, usimwache lipone lenyewe. Ila msiogope, wiki 3 bado ni mapema, kovu bado laini, na miezi 3 ya kwanza ndo ya kuifanyia kazi kwelikweli.

Fanyeni hivi. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa anywe kama nusu saa hadi dakika 45 kabla ya zoezi, wengi wanakunywa baada ya kuumia na hapo wamechelewa. Alale chali, viringisha taulo uliweke chini ya kisigino, goti libaki hewani, aachie mguu ujishushe wenyewe kwa uzito wake. Vidole vitazame juu. Hapa muwe makini sana, maana mguu ukiangukia nje goti linajikunja kimya kimya na nyie mnadhani mnanyoosha. Aanze na dakika 5, akizoea apande taratibu hadi 10 au 15, mara 3 au 4 kwa siku. Akiwa hapo hapo akaze paja kama anataka kukandamiza kitanda kwa nyuma ya goti, ahesabu mpaka 5, aachie, arudie mara 10. Siku nyingine atakaza na hutaona kitu kinacheza, usimgombeze, sio uvivu, uvimbe ndani ya goti unazima misuli ya mbele ya paja, ndo maana barafu haiachwi, ifunge kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20 baada ya zoezi.

Wewe usimkandamize goti kwa mikono. Nimeona ndugu wanafanya hivyo kwa nia njema kabisa, mgonjwa anaogopa, anakaza misuli ya nyuma ya paja kujilinda, goti linazidi kupinda. Maumivu ya kuvutwa nyuma ya goti yanayoisha akipumzika ni ya kawaida, ila kesho yake goti likiamka limevimba zaidi na lina joto kuliko jana basi mmezidisha, punguzeni dakika lakini msiache.

Kutembea nako ni zoezi. Kisigino ndo kiguse chini kwanza, goti likiwa limenyooka, hata kama hatua ni fupi na taratibu. Kama anatumia mkongojo mmoja aushike mkono wa kushoto, upande wa pili wa goti lililopasuliwa, wengi wanakosea hapo. Na kwenye kiti asikae masaa goti limekunjwa, kila nusu saa apandishe kisigino kwenye stuli au asimame kidogo.

Mrudishe kwa daktari haraka, msisubiri klinik, shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, kidonda kikitoa usaha au majimaji, au homa ikipanda. Kifua kikibana au akikosa pumzi hiyo ni dharura, saa ile ile. Na kama mmefanya haya yote wiki kadhaa na nyuzi hazisogei, mpasuaji aliangalie goti mwenyewe, kuna wakati sababu iko ndani, infeksheni au jinsi goti lilivyokaa, na hiyo hakuna taulo litakaloitoa.

SWALI: Habari dokta. Napasuliwa mwezi ujao. Goti langu halijanyooka miaka 2 sasa, operesheni si itanyoosha yenyewe?

JIBU: Salama ndugu yangu. Sehemu kubwa ndiyo, mpasuaji anaweza kutoa vimifupa vilivyoota nyuma ya goti, kulegeza utando mzito wa ndani unaofunika kiungo, hata kupunguza mfupa wa paja kidogo zaidi. Ila misuli yako imekaa miaka 2 ikiwa mifupi na haitarefuka usiku mmoja, na mtu aliyeingia na goti lililopinda ndo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kutoka nalo hivyo hivyo. Kwahiyo zoezi la taulo nililomwandikia binti hapo juu lianze sasa, na la kukaza paja pia, ukifika chumba cha upasuaji misuli iwe inaijua kazi. Na ukizinduka, maumivu yakishatulia, muulize mpasuaji swali moja: mezani goti lilinyooka mpaka nyuzi ngapi? Akikwambia lilifika sifuri, basi jua likianza kupinda wiki ya pili mara nyingi ni uvimbe na misuli, na hivyo vinarudishwa kwa mazoezi. Akikwambia lilibaki limepinda kidogo, mkubaliane mapema lengo lako ni lipi na nani atakuwa anakupima.