Ukiandika historia ya meli, hesabu pia miaka ya kimya

Mara ya kwanza nilipojaribu kuandika historia ya utumishi wa meli ya doria, niliichagua Taney, ya Walinzi wa Pwani wa Marekani. Nilijaza kurasa tatu, na mbili na nusu kati ya hizo zilihusu asubuhi moja tu, ya Desemba 7, 1941, Wajapani waliposhambulia Hawaii. Mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia akazisoma, akanirudishia na swali: "Na hiyo miaka mingine 49, mwanangu, meli ilikuwa imelala?"

Sikuwa na jibu. Taney ilianza kazi Oktoba 24, 1936, ikastaafishwa Desemba 7, 1986. Miaka hamsini na ushei, nami nimeng'ang'ania saa chache.

Na hizo saa chache zenyewe nilizikosea. Niliandika kwamba ilikuwa Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini iliyoshambuliwa. Haikuwamo. Ilikuwa bandari ya Honolulu, imefungwa gati namba 6, maili kadhaa kutoka pale, ikizifyatulia mizinga ndege za Kijapani zilizopita angani. Tangu hapo nina kanuni yangu: kabla sijagusa tukio lolote kubwa, natafuta kwanza meli ilikuwa imefungwa gati gani, au kama ilikuwa baharini, ilikuwa sehemu gani. Daftari la meli ndilo la kuaminiwa kwa hilo, kwa kuwa huandikwa zamu kwa zamu na watu ambao hawakujua kama siku hiyo ingekuja kuwa maarufu.

Jambo la pili: fuata namba ya meli, jina litakuchezea. Meli hii ilipewa jina la Roger B. Taney kwa kuwa aliwahi kuwa waziri wa fedha wa Marekani. Meli dada zake sita, zenye urefu ule ule wa futi 327, nazo zilipewa majina ya mawaziri wa fedha, maana siku hizo Walinzi wa Pwani walikuwa chini ya wizara hiyo. Lakini Taney huyo huyo ndiye jaji aliyeandika hukumu ya Dred Scott ya mwaka 1857, iliyosema watu weusi hawawezi kuwa raia. Mwaka 2020 jina likaondolewa, na leo meli ya makumbusho iliyopo Baltimore inaitwa WHEC-37. Herufi za mbele zilibadilika kadiri kazi ilivyobadilika. 37 ndiyo iliyodumu. Ukitafuta kwa jina peke yake utapitwa na mengi.

Vita usiviache, ila vipe nafasi yake. Aprili 1944 Taney ilikuwa ikisindikiza msafara wa meli ulioitwa UGS-38 karibu na pwani ya Algeria, ndege za Kijerumani zikaja na topido jioni. Meli moja ya msafara, Paul Hamilton, ililipuka ikaua watu 580. Mwaka 1945 Taney ikawa meli ya makamanda huko Okinawa, kisiwa cha Japani.

Sasa twende kwenye ile miaka niliyoiruka. Baada ya vita, kazi yake kubwa ilikuwa vituo vya hali ya hewa baharini. Meli inapangiwa eneo katikati ya bahari, inakaa humo wiki kadhaa, inarusha maputo ya kupimia hewa na kutoa mawimbi ya redio ya kuongoza ndege. Basi. Nilidhani hapo hapana hadithi, mpaka niliposoma yaliyotokea Oktoba 1956 kati ya Hawaii na California, kwenye kituo kilichoitwa November. Ndege ya Pan Am iliharibikiwa na injini mbili usiku. Rubani akazunguka juu ya meli ya zamu, Pontchartrain, hadi kulipopambazuka, kisha akatua majini kando yake. Watu wote 31 waliokolewa. Siku nyingine mabaharia wale walikuwa wakipima upepo tu, na Taney nayo baadaye ilipangiwa kituo hicho hicho. Mwaka 1977 ndiyo iliyofunga kituo cha mwisho cha Marekani cha aina hiyo, Hotel, upande wa Atlantiki, boya la kujiendesha lilipochukua nafasi.

Kwa hiyo ukiona pengo refu kwenye maelezo ya meli, hapo ndipo pa kuchimba. Vietnam, 1969 hadi 1970, ilikagua vyombo vilivyoshukiwa kubeba silaha. Mwaka 1985, ikiwa kikongwe, ilikamata shehena ya bangi ya takriban tani 160.

Niliandika upya. Asubuhi ile ya Honolulu ikabaki aya moja. Mzee aliposoma toleo jipya alitia alama ya kalamu sehemu moja tu: nilikuwa nimetaja futi 327 mara mbili.