Kondo liko mbele na mtoto simsikii vizuri: nisubiri au niende?

SWALI

Salaam aleikum sista. Niko Koboko, nina mimba ya tatu, wiki 23 kwa hesabu ya skani. Wale wawili wa kwanza walianza kucheza mapema na walikuwa wakinipiga mpaka usingizi unapotea. Huyu namsikia mara moja moja tu, tena chini kabisa karibu na kibofu, na kuna siku inapita simsikii. Nilipigwa skani kwenye kliniki moja hapa mjini, wakaandika kondo la nyuma liko mbele, "anteria". Aliyenipiga akasema, "Ndiyo maana humsikii, usijali," akaita mwingine. Mama mkwe ananipa soda baridi eti mtoto aamke. Mtoto wangu wa pili alitoka kwa operesheni. Je, nitakaa hivi mpaka nizae? Na mtoto akipata shida kweli nitajuaje, kama kila nikiuliza naambiwa ni kondo?

JIBU

Wa aleikum salaam, mama. Aliyekupiga skani hakukudanganya, ila alikupa nusu ya jibu. Kondo likikaa mbele linaweza kukuchelewesha kumsikia mtoto, na likakufanya umsikie kwa mbali. Haliwezi kuwa maelezo ya mtoto ambaye alikuwa akicheza vizuri kisha akapunguza. Tunawapokea maternity akina mama waliokaa nyumbani siku mbili tumbo limetulia, wakijifariji kwamba "si niliambiwa ni kondo", na ukiwauliza, ni kweli waliambiwa hivyo, na hakuna aliyewamalizia sentensi.

Kondo hujishika pale mimba ilipotua siku za mwanzo: mbele, nyuma, pembeni au juu. Ukuta wa mbele wa mji wa mimba ni mahali pa kawaida kabisa, na wengi wanalo hapo bila kujua mpaka wapigwe skani. Halikukaa hapo kwa sababu ulibeba jerikeni au ulilala vibaya. Wala halikuambii kama ni msichana au mvulana, ingawa kila mtaa una mtaalamu wake wa hilo. Peke yake halimnyimi mtoto chakula, na halimaanishi utazaa kwa kisu.

Kinachotokea ni hiki. Kwa wiki zako mtoto ana takriban nusu kilo. Kondo lina unene wa sentimita 2 hivi, nalo limelala katikati ya mtoto na ukuta wa tumbo lako. Lenyewe halina mishipa ya fahamu ya kukuletea habari, kwa hiyo teke likilipiga linaishia humo humo, kama ngumi kwenye godoro. Wale wawili wa kwanza pengine kondo lao lilikaa nyuma, kila teke likakufikia moja kwa moja. Usimpime huyu kwa kipimo cha kaka na dada zake.

Unamsikia karibu na kibofu kwa sababu pale kondo halijamkinga. Jaribu hivi usiku, watoto wakishalala: lala kwa ubavu wa kushoto, weka kiganja pembeni mwa tumbo juu kidogo ya nyonga, ukikiacha hapo kwa muda bila kukandamiza. Kisha hamia upande wa pili, kisha juu ya mfupa wa kinena. Katikati, kuzunguka kitovu, paache kwanza. Na usisubiri teke. Kwa sasa unachoweza kupata ni kugeuka, kusukumwa kidogo, au mtekenyo ambao mchana ungeuita gesi. Watoto wengi huchangamka zaidi alasiri na jioni, wakati ambao wewe uko sokoni au jikoni umesimama na akili iko kwingine. Mama aliye kwenye pilikapilika hukosa mengi ambayo akilala angeyasikia.

Aliyekwisha kuzaa huweza kumsikia mtoto tangu wiki ya 16. Mwenye mimba ya kwanza anaweza kupita 20. Kondo la mbele husogeza tarehe hizo mbele. Mpaka wa kushika ni wiki ya 24: mama ambaye mpaka hapo hajasikia chochote aende akapimwe, kondo liwe mbele au nyuma. Wewe umeshamsikia, kwa hiyo hilo umelivuka. Hizo siku za ukimya katika wiki 23 hazinishtui sana, maana mtoto bado hajajenga mazoea na bado ana nafasi ya kugeuka akakupa mgongo. Lakini ukimya ukikutia wasiwasi hata sasa, nenda mkunga asikilize moyo. Hakuna umri wa mimba ambao hilo linakatazwa.

Na hapo niseme jambo ambalo linawatisha wengi wenye kondo la mbele. Mkunga anaweka fetoskopu tumboni, ile pembe yetu, anainamisha sikio, kimya. Anahamisha. Kimya tena. Mama anaanza kulia. Mara nyingi anachosikia mkunga kwanza ni mvumo wa damu yako mwenyewe ikipita kwenye mishipa mikubwa ya mji wa mimba, na ukubwa wake unaufunika moyo wa mtoto. Utamwona ameshika kifundo cha mkono wako huku anasikiliza: mvumo ukienda sawa na mapigo ya mkono wako, huo ni wako. Moyo wa mtoto unakwenda mbio zaidi, kati ya 110 na 160 kwa dakika, na huenda akaupata pembeni kabisa au chini, mahali ambapo kondo limeishia. Akichukua muda mrefu si lazima pawe na msiba. Akishindwa kabisa, asikuambie tu "ni kondo, rudi wiki ijayo". Akutafutie doppla, kile kimashine cha kusikiliza moyo wa mtoto, au skani, siku hiyo hiyo.

Sasa lile swali lako zito. Shika wiki ya 28, yaani unapoingia mwezi wa saba. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza unasema kondo la mbele linaweza kupunguza unavyomsikia mtoto kabla ya wiki 28. Baada ya hapo mtoto ana nguvu ya kutosha kukufikia, hata kama unamsikia pembeni tu. Kati ya wiki 24 na 28 utaanza kumjua: huyu anacheza nikishakula, huyu anaamka nikilala, huyu asubuhi ni mvivu. Hayo mazoea yake ndiyo kipimo chako. Kucheza huzidi kuongezeka mpaka kama wiki ya 32, kisha kunabaki pale pale mpaka uchungu. Namna inaweza kubadilika, nafasi ikibana mateke yanakuwa kujinyoosha na kubingirika, lakini wingi haupaswi kushuka. Kile kisemo kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia "kwa kuwa anajiandaa" kimewachelewesha wanawake wengi kufika hospitali. Mtoto mzima anacheza mpaka siku ya kuzaliwa, hata uchungu ukiwa umeanza.

Mtoto hulala, hilo ni kweli, kwa dakika 20 mpaka 40 kila mara, na ni nadra usingizi wake kupita dakika 90. Kwa hiyo baada ya wiki 28, ukiona amepunguza, au anacheza kinyonge kuliko kawaida yake, acha kazi, lala kwa ubavu, weka mkono, na umfuatilie saa 2. Usipopata miondoko 10 ndani ya saa hizo, ondoka nyumbani. Kama tangu asubuhi hujamsikia hata mara moja, hizo saa 2 usizimalize kitandani, nenda moja kwa moja. Na ukipata 10 lakini moyo wako unakuambia huyu si yule wa juzi, nenda pia. Sipendi kuwapa akina mama karatasi ya kuhesabu kila siku. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2016 nalo halikuipendekeza kama kazi ya kila siku, na nimeona inavyowafanya wengine watulie kwa kuwa namba imetimia huku mtoto anadhoofu. Hesabu ni ya siku ya wasiwasi.

Kwenda ni lini? Siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku na kliniki yako ya wajawazito ni Jumanne. Kliniki ina siku zake, maternity haina. Kituo cha afya daraja la III kina mkunga wa kusikiliza moyo, kupima presha na kupima tumbo kama linakua. Ukipata usafiri wa kufika daraja la IV au hospitali, afadhali, kwa sababu huko wanaweza kupiga skani na kufanya operesheni kama italazimu. Beba kadi yako ya kliniki na karatasi ya skani. Ukifika, usiseme "nimekuja kupimwa", utakaa kwenye benchi na wenye mafua. Sema: "Mtoto amepunguza kucheza tangu jana jioni." Ukiambiwa kila kitu sawa, kesho kutwa akapunguza tena, rudi tena. Kurudi mara ya pili ndiko kunakotushtua zaidi sisi, na hakuna mkunga mwenye akili atakayekucheka.

Sababu tunazozitafuta ni kama mtoto hakui vizuri, maji yamepungua, presha yako imepanda, au kondo limeanza kuchoka au kubanduka. Koboko ni nchi ya mbu, na vimelea vya malaria hujificha ndani ya kondo lenyewe hata wakati mwingine damu ya kidole haionyeshi kitu. Zile Fansidar za kliniki, dawa ya kukinga malaria, zinywe pale pale mbele ya mkunga, kama hutumii Septrin, vile vidonge vya kila siku vya wenye VVU, na chandarua usimwachie mgeni.

Soda ya mama mkwe, mwambie ahsante na uinywe kama una kiu. Sukari na baridi havijathibitika kuwa dawa ya mtoto aliyetulia. Ubaya wake ni kwamba unakunywa moja, unasubiri, unakunywa ya pili, usiku unaingia. Zile programu za simu zinazodai kusikiliza moyo wa mtoto ziache kabisa. Hata vile vidoppla vinavyouzwa mtaani: vinakupa mvumo wako mwenyewe unaudhani ni mtoto, na hata ukiupata moyo kweli, moyo kupiga leo hakukuambii mtoto yuko katika hali gani.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko ukimya wa mtoto: operesheni yako. Kovu lako la ndani liko ukuta wa mbele, sehemu ya chini. Kondo la mbele lililokaa juu haliligusi kovu, na hapo hatuna ugomvi. Kondo la mbele lililokaa chini linaweza kukaa juu ya kovu, likazama kwenye nyama ya mji wa mimba na kukataa kutoka baada ya kuzaa, damu ikamwagika nyingi mno. Karatasi yenye neno "mbele" peke yake haikutoshi. Rudi nayo kwa mkunga wako mwambie: "Nilipasuliwa. Nataka kujua kondo limefika wapi kwa chini, liko mbali kiasi gani na mlango wa kizazi, na kama limegusa kovu." Likionekana liko chini sasa usife moyo, mengi hupanda juu kadiri mji wa mimba unavyotanuka, lakini skani lazima irudiwe kwenye wiki 32. Likiwa bado lipo chini kwenye kovu, usizalie kituo cha karibu. Uandikiwe mapema barua ya Hospitali ya Rufaa ya Arua, ambako kuna madaktari bingwa, na mji huo una benki ya damu ya mkoa. Tafuta pia watu wawili watatu wa ukoo walio tayari kutoa damu. Na damu yoyote ikionekana ukeni kabla ya siku zako za kuzaa, hata kidogo, hata bila maumivu, panda boda uende, na yeyote asikupime kwa kidole mpaka ijulikane kondo liko wapi.

Skani ya wiki 32 ikitoka, niandikie ilivyosema. Niandikie maneno yote yaliyo kwenye karatasi, si lile moja tu.