Ghasia za wiki chache, hasara ya mwaka

SWALI: Shikamoo mzee. Kwa nini vurugu za wiki chache zididimize uchumi wa nchi mwaka mzima? Kwani watu hawarudi kazini? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hurudi, ila kazi yenyewe huenda haipo. Mwaka 2007 uchumi wa Kenya ulikua kwa takriban asilimia 7. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, haukufika hata asilimia 2. Wakati huo nilikuwa wakala wa forodha Mombasa. Madereva waliogopa vizuizi vya vijana barabarani, na reli iling'olewa Kibera. Wateja wangu wakawa wanalipia kuhifadhi makontena wasiyoweza kuyasafirisha. Kampala na Kigali, ambako petroli hufika kupitia Mombasa, ikaadimika, bei ikapaa, na wao hata kura hawakupiga!

Kibaki na Raila, mahasimu wa uchaguzi huo, walitia saini makubaliano ya kugawana madaraka tarehe 28 Februari. Sawa, lakini mahindi ya Bonde la Ufa hupandwa mvua za Machi na Aprili, na wakulima wengi waliofukuzwa makwao bado walikuwa kambini. Watalii nao hupanga safari miezi kadhaa kabla. Hoteli za Pwani zilizopunguza wafanyakazi Januari hazikuwa na sababu ya kuwaita Machi.